Slaidi za Picha Nyeusi na Nyeupe: Chapa Karatasi ya Pili Kwanza

Mpiga picha akitakiwa kupeleka slaidi za kazi zake, yaani vipande vidogo vya filamu angavu vya kurushwa kwenye skrini kwa projekta, kwa kawaida huchukua ile karatasi bora kabisa aliyonayo, yaani picha aliyoichapa mwenyewe, yenye weusi uliokolea na weupe safi, akaiweka chini ya kamera, akapiga, kisha akapeleka filamu ikasafishwe. Slaidi zikirudi, nywele za mtu zimegeuka doa jeusi lisiloonyesha hata unywele mmoja, koti limezama kivulini, na ukuta uliokuwa na kijivu hafifu umekuwa mweupe mtupu. Hapo lawama huanza: taa, lenzi, maabara. Mara nyingi vyote hivyo havihusiki. Filamu ya slaidi kwa asili yake huongeza kontrasti, yaani tofauti kati ya weusi na weupe, na karatasi iliyochapwa ipendeze ukutani tayari ina kontrasti yote inayoweza kuibeba.

Mimi ni mchapaji wa chumba cha giza, na huwapigia wenzangu slaidi za kazi zao wanapoomba nafasi za maonyesho na masomo. Kila anayekuja ninamwambia jambo lilelile: kabla hujagusa kamera, rudi chumba cha giza ukachape karatasi nyingine, ya slaidi peke yake.

Karatasi ya kupigwa

Hesabu yake ni hii. Kwenye karatasi ya kung'aa iliyochapwa vizuri, kutoka weupe wake hadi weusi wake mzito kabisa kuna takriban stopu 6 hadi 7 za mwanga, kila stopu ikiwa ni mwanga maradufu. Filamu ya slaidi hubeba kama stopu 5 ikiwa bado inaonyesha kitu pande zote mbili. Kinachozidi hukatwa, na kwa kuwa ni lazima uulinde weupe, kinachokatwa ni kivuli. Kwa hiyo ninashusha gredi moja nzima, gredi ikiwa ni namba ya ukali wa kontrasti ya karatasi. Kama ya maonyesho ilichapwa kwa gredi 3, ya slaidi ninaichapa kwa gredi 2. Kwenye karatasi ya gredi nyingi ninabadili filta kwa namba moja. Nusu namba haitoshi. Namba mbili ni nyingi mno, zinaua toni za kati, na uso wa mtu unapoteza umbo.

Kushusha gredi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko mikononi, chini ya enlaja, ile mashine inayokuza picha kwenye karatasi. Sehemu za giza zenye jambo la kuonyesha, kama mikunjo ya gauni, magome ya mti au jicho lililo upande wa kivuli, zikinge mwanga kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea, mpaka uhisi umezidisha kidogo. Upande wa weupe, kila mahali penye maana pawe na kijivu hafifu: wingu, shati, ukuta. Weupe wa karatasi usio na toni yoyote utakuwa filamu tupu ndani ya slaidi, na kwenye skrini utakuwa mwanga wa projekta unaopenya bila kuzuiwa na kuvuta macho ya kila mtu. Karatasi ya slaidi ikikamilika itaonekana imepauka ukiiweka kando ya ile ya maonyesho. Iache hivyo. Filamu itaurudisha weusi wake.

Aina ya karatasi nayo ina uzito. Karatasi ya plastiki yenye kung'aa inalala tambarare na haina shida. Karatasi ya nyuzi ni nzuri zaidi mkononi, lakini hujikunja ikikauka, kwa hiyo ipitishe kwenye presi ya joto au iweke chini ya vitabu vizito siku kadhaa kabla ya kuipiga. Karatasi isiyong'aa kabisa ina weusi mwepesi zaidi, na hilo, ambalo ni udhaifu ukutani, hapa linakusaidia: kontrasti yake inakaribia ile ambayo filamu inaweza kuibeba. Ninayoikataa ni karatasi yenye vipele, ile inayoitwa ya lulu au ya hariri. Kila kipele kinarudisha nukta ya mwanga kwenye lenzi, na vivuli vyote vinajaa ukungu.

Chapa kwa ukubwa wa sentimita 20 kwa 25 na uache ukingo mweupe wa sentimita moja au zaidi, ili upate mahali pa kushikilia. Kisha kaa na brashi nyembamba na wino wa kufutia madoa, ufute kila alama ya vumbi. Picha ya slaidi yenye upana wa milimita 36, ikirushwa kwenye skrini yenye upana wa mita 1.8, imekuzwa mara 50. Alama ambayo hujaiona kwenye karatasi, ukumbi mzima utaiona.

Kuna wakati negativu, yaani filamu asili ya picha, imepotea na karatasi iliyopo ndiyo hiyo moja, kali kama ilivyo. Hapo ninaipa filamu mwanga kidogo kabla. Kamera iwe na uwezo wa kupiga mara mbili kwenye fremu moja. Weka kadi ya kijivu mbele ya lenzi, ivuruge fokasi kabisa, na uipige kwa stopu 4 chini ya kipimo cha mita ya mwanga. Bila kusogeza filamu, rudisha fokasi, weka karatasi, uipige kwa kiasi chake cha kawaida. Ule mwanga wa kwanza ni mdogo kiasi kwamba sehemu nyeupe haziuhisi, lakini kwenye vivuli, ambako filamu ilikuwa karibu haipati kitu, unainua toni ikaanza kuonekana. Stopu 4 ni pa kuanzia. Jaribu pia 3 na 5 kwenye filamu yako, kwa sababu ukizidisha weusi wote unageuka moshi. Njia hii inaokoa picha, ila haifikii karatasi iliyochapwa upya.

Filamu

Mimi hupendelea filamu ya slaidi iliyo nyeusi na nyeupe yenyewe. Kuna Fomapan R 100 kutoka Ucheki, na kuna Scala 50 ya Adox. Waliotangulia katika kazi hii bado wanaitaja Agfa Scala 200X, ambayo haitengenezwi tena. Faida ya filamu hizi ni kwamba rangi ya taa haikusumbui: balbu ya njano, taa ya LED, mwanga wa dirishani, vyote vinatoa kijivu kilekile. Filamu za kawaida za negativu, kama FP4 Plus ya Ilford, zinaweza pia kusafishwa kuwa slaidi, na Ilford wenyewe wameandika maelekezo yake. Ila filamu nyingi za negativu za milimita 35 zina plastiki yenye kijivu kidogo, hivyo weupe wake haung'ai kama wa filamu iliyotengenezwa kwa slaidi.

Kabla ya kupiga, tafuta maabara inayosafisha filamu nyeusi na nyeupe kuwa slaidi, na uwaulize wazi, kwa sababu si kila maabara hufanya hivyo. Ukiifanya mwenyewe, mpangilio ni huu: dawa ya kwanza inatoa negativu, blichi inaiyeyusha fedha ya hiyo negativu, dawa ya kusafishia rangi ya blichi inafuata, kisha filamu inamulikwa na taa, inaingia dawa ya pili, fiksa (dawa ya kudumisha picha), na kuoshwa. Dawa ya kwanza ndiyo inayoamua kila kitu. Ukiiongezea muda, slaidi inakuwa nyepesi zaidi, na ukiipunguzia, inakuwa nzito. Blichi inayotumika sana ni pamanganeti ya potasiamu pamoja na asidi ya salfuriki. Vaa miwani na glavu, fungua madirisha, na daima mimina asidi ndani ya maji. Maji yakimiminwa juu ya asidi kali huchemka ghafla na kuirusha usoni.

Filamu ya rangi, kama Ektachrome E100 ambayo Kodak waliirudisha sokoni mwaka 2018, ninaitumia kwa sababu moja tu: karatasi yenye rangi yake. Kama umeipitisha picha kwenye dawa za kubadili rangi, seleniamu au sepia, ule wekundu wa vivuli au ukahawia wa uso ni sehemu ya kazi yako, na filamu nyeusi na nyeupe itaufuta. Lakini jiandae, kwa maana hakuna kitu kinachofichua kosa la rangi kama kijivu. Filamu hiyo imetengenezwa kwa mwanga wa mchana. Chini ya balbu za kelvini 3200 kila kitu kitakuwa cha machungwa, na itabidi uivishe lenzi filta ya buluu namba 80A, ambayo inakula stopu 2. Balbu zikizeeka wekundu wake unaongezeka, kwa hiyo zibadilishe zote mbili kwa pamoja. Taa za flashi hupunguza usumbufu huo.

Taa, stendi na kioo

Stendi ya kunakilia ni bora, lakini tripodi inayogeuza kamera kutazama chini inatosha, na hata kubandika karatasi ukutani kunatosha. Kinachotakiwa ni mambo mawili: filamu na karatasi ziwe sambamba, na mwanga uwe sawa kila kona.

Usambamba ninaupata kwa kioo kidogo cha kujitazamia. Kilaze bapa mahali karatasi itakapokaa, katikati, kisha tazama kwenye kamera. Utaona lenzi yako ikijitazama. Sogeza kamera mpaka taswira ya lenzi ikae katikati kabisa ya fremu, hapo umenyooka. Kipimo cha mapovu kinasaidia, lakini kinapima kamera na meza kila kimoja peke yake, na sakafu ikiinama unabaki na wasiwasi. Kioo kinapima uhusiano wa vyote viwili. Ukikosea hapa, picha ya mstatili itatoka na upande mmoja mwembamba, na jicho hulitambua hilo haraka sana kwa sababu ukingo mweusi wa fremu uko karibu kabisa.

Taa ziwe mbili, za aina moja na nguvu moja, moja kila upande, kwa pembe ya nyuzi 45 na umbali ulio sawa. Ziweke mbali kadiri chumba kinavyoruhusu, mita moja au zaidi, maana taa iliyo karibu huchoma ukingo ulio upande wake. Elekeza kila taa kwenye ukingo wa mbali wa karatasi, ili zipishane. Kisha simamisha penseli wima katikati. Vivuli viwili vitatokea. Viwe na urefu mmoja na weusi mmoja. Baada ya penseli, pima kwa kadi ya kijivu katikati na kwenye kona zote nne. Tofauti ya theluthi moja ya stopu ninaiona kwenye slaidi, hasa picha ikiwa na anga au ukuta mpana, kwa hiyo ninaendelea kusogeza taa mpaka iishe.

Baki na taa hizo mbili tu. Zima ya darini, funga pazia, vaa nguo nyeusi. Karatasi ya kung'aa ni kioo cha aina yake, na kitu kinachoakisiwa mara nyingi zaidi ni kamera yenyewe na miguu yake ya chuma. Kata kadibodi nyeusi, toboa tundu la lenzi katikati, uivike mbele ya kamera. Halafu weka jicho mahali lenzi ilipo na utazame sehemu nyeusi zaidi ya picha. Kama ni nyeusi kweli, endelea. Kama ina utando wa kijivu, kuna kitu kinaakisiwa, kitafute. Karatasi iliyojikunja kidogo itakulazimisha ushushe taa hadi nyuzi 35 au 30.

Kuna wanaoweka filta za polaraizi kwenye taa na nyingine kwenye lenzi. Kweli zinaua mng'ao wote. Lakini zinaongeza pia weusi na kontrasti, yaani zinakurudisha kwenye tatizo ulilolikimbia. Kwa picha nyeusi na nyeupe ninaziacha, isipokuwa karatasi iwe ya vipele na hakuna nyingine.

Kama huna taa, jua litakufaa. Liko mbali kiasi kwamba mwanga wake ni sawa kutoka kona hadi kona, jambo ambalo taa za chumbani hulipata kwa taabu. Subiri lipige karatasi kwa nyuzi 45 hivi, hakikisha hakuna ukuta mweupe unaoakisiwa, na upige haraka kabla wingu halijapita.

Kupima na kupiga

Lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vya karibu, ya milimita 50 au 100 ndiyo inayofaa, kwa tundu la f/8. Lenzi ya kawaida yenye pete za kuongeza urefu inaweza kufanya kazi, lakini kagua kama mistari ya pembeni haipindi. Usitumie zumu. Tumia waya wa shata, na kama kamera inaweza kuinua kioo chake kabla ya kupiga, kiinue.

Pima mwanga kwenye kadi ya kijivu ya asilimia 18, ikiwa imelala palepale karatasi itakapolala. Usipime picha yenyewe. Mita haijui kama picha ni ya theluji au ya usiku. Itataka kuzifanya zote kuwa kijivu cha kati. Kama huna kadi, pima karatasi nyeupe tupu kisha ongeza stopu 2 na theluthi. Anayetumia mita ya mkononi akumbuke kwamba lenzi ikisogezwa mbele kwa ajili ya kitu cha karibu, mwanga unaoifikia filamu hupungua: ongeza theluthi moja ya stopu kwa karatasi ya 20 kwa 25, na nusu stopu kwa ya 13 kwa 18. Mita iliyo ndani ya kamera imeshaihesabu hiyo.

Kipimo kikishapatikana, kinabaki kilekile kwa karatasi zote, ziwe za giza au za mwanga, mradi taa hazijasogezwa. Hata hivyo ninapiga kila picha kwa viwango vitatu: kama kilivyopimwa, nusu stopu zaidi, na nusu stopu pungufu. Kumbuka kwamba kwenye slaidi mwanga ukizidi picha inakuwa nyepesi, na weupe uliopotea haurudi. Ile iliyo nzito kidogo hupendeza kwenye projekta yenye taa kali. Ile iliyo nyepesi kidogo husomeka vizuri kwenye meza ya mwanga. Ulizia wachaguzi watazitazama kwa njia gani.

Kama unahitaji seti kadhaa, zipige zote sasa. Fremu ya pili ya karatasi ileile ni slaidi halisi. Nakala inayotengenezwa baadaye kutoka kwenye slaidi nyingine huongeza kontrasti mara ya pili, baada ya kazi yote ile uliyoifanya kuipunguza.

Upangaji wa fremu unataka uangalifu wake. Fremu ya filamu ni milimita 24 kwa 36, lakini fremu ya plastiki inayoishikilia hufunika kidogo kila upande, na dirisha la kamera nyingi huonyesha pungufu ya kile filamu inachopata. Piga kwanza karatasi yenye mistari ya rula, iweke kwenye fremu ya slaidi, uone mpaka halisi uko wapi. Baada ya hapo laza picha juu ya kitambaa cha mahameli nyeusi na uache nafasi ndogo pande zote. Karatasi ya 20 kwa 25 haina umbo la filamu, kwa hiyo kutabaki mapengo pembeni, na mahameli inayafanya meusi kabisa. Usiikate picha ili ijaze fremu. Ule ukingo mweupe wa karatasi ndio usionekane: ufunike kwa vipande vya kadi nyeusi, ambavyo pia vitaishikilia karatasi isiinuke. Ukingo mweupe ukibaki, kwenye skrini unakuwa fremu ya mwanga mkali inayoififisha picha yenyewe.

Kufunga na kuandika

Chagua kwenye meza ya mwanga kwa lenzi ya kukuzia, na kila mara linganisha na karatasi ya maonyesho, si ile iliyopauka. Slaidi iliyofaulu ni ile inayofanana na ya maonyesho.

Kama ukingo haukuwa mweusi vya kutosha, kuna utepe wa fedha wa kuzibia slaidi. Unabandikwa kwenye upande wa filamu unaong'aa, kwa mkono mtulivu na koleo. Fremu ziwe za plastiki, milimita 50 kwa 50. Fremu za kioo huishikilia filamu tambarare kwenye joto la projekta, nazo zinafaa kwa seti unayoibeba mwenyewe. Kwa posta usizitumie, kwa kuwa kioo kikivunjika hukwaruza filamu na huharibu mashine ya wenyewe.

Andika moja kwa moja kwenye plastiki kwa kalamu nyembamba isiyofutika. Vibandiko vya karatasi hujibandua kwa joto na kukwama ndani ya projekta. Andika jina lako, jina la picha, mwaka, ukubwa wa karatasi ya maonyesho, na namba ya mpangilio. Ukubwa ni wa lazima, kwa sababu kwenye skrini picha ya kiganja na picha ya ukuta zinalingana. Kisha shika slaidi jinsi picha inavyopaswa kuonekana na uweke nukta nyekundu kwenye kona ya chini kushoto. Anayeendesha projekta ataigeuza juu chini, nukta itakuja juu kulia chini ya dole gumba lake, na slaidi itaingia sawasawa bila yeye kuitazama.

Karatasi za plastiki za kuhifadhia hubeba slaidi 20, na zamani mipaka mingi ya maombi ilifuata idadi hiyo. Zipange kwa namba, weka orodha iliyochapwa nyuma yake, na ubaki na seti moja kamili nyumbani, mahali pakavu, pasipo na jua.